Mshika Picha wa Jericho

Jericho, Nairobi
3 Januari 1988

Kwako mpwa wangu Kitonga,

Pokea salamu zangu na za mke wangu Mukai, ingawa zake zina kisirani kidogo kwa kuwa Krismasi imepita bila kadi yako. Nilimwambia Garissa ni mbali na posta ina mambo yake. Akanijibu kwamba habari unazoandika zinafika redioni kila jioni, sasa kadi ingeshindwa na nini? Mjibu mwenyewe. Mimi nimeshindwa.

Sisi ni wazima. Goti langu linauma asubuhi tu. Ulipotuandikia kwamba wazee wa kina Mbeti wamekubali mbuzi wa ntheo wapelekwe Kangundo mwezi wa nne, Mukai alipiga kigelegele hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Baba yako hakuacha ndugu, na dada yangu alinikabidhi wewe kabla hajafunga macho. Kwetu mwanamke hajawa mke mpaka mbuzi hao wafike kwao, hata padri aseme nini. Nitawapeleka mimi.

Maisha hapa ni ya kupunguza. Tulipunguza nyama, kisha sukari, sasa Mukai anapunguza maneno ili asione njaa, asema yeye. Sokoni sukari ni ya foleni, na Teresiah wa mboga hutuwekea nafasi kwa kuweka kikapu chake kitupu mstarini. Gazeti bado nanunua, moja, na tunalisoma nyumba nne. Likimfikia Irungu, fundi wa viatu vya matairi kule Kariokor, limeshakuwa laini kama kitambaa. Ukurasa wa kwanza ni watu wanapeana mikono. Ndani ni watu wanatoa pongezi. Unga ulipanda bei Jumanne. Gazeti likaandika Ijumaa kwamba bei "imerekebishwa". Nilipokuwa Tabora, kwenye reli, tulikuwa tukisoma gazeti kwa sauti pale stesheni na kuligombeza kama mtu aliyechelewa kazini. Tangu Jumuiya ivunjike nikarudishwa huku na masanduku yangu mawili ya vitabu, sijapata watu wa kugombeza nao gazeti hivyo. Hapa wanalisoma, wanalikunja, wanatazama nyuma yao.

Sasa neno lenyewe. Unajua mwaka huu hakuna karatasi ya kura. Mtu atasimama mchana kweupe nyuma ya picha ya amtakaye, na jirani yake, mwajiri wake na mwenye nyumba wake wote watakiona kisogo chake. Hapa kwetu wanaogombea ni wawili: Bwana Njogu, mwenye maduka na magorofa, ambaye wakubwa wanamtaka, na Mwalimu Gachanja, ambaye tunamtaka sisi. Vijana waliokubali kushika picha ya Gachanja wote wamepata ghafla safari za nyumbani. Mlolongo usio na mtu mbele hauanzi. Mwalimu amekuja kwangu, nami nimekubali.

Mjomba wako,
Johnson Mativo


Garissa
19 Januari 1988

Mjomba mpendwa,

Nawaamkia wote wawili. Mwambie Mama Mukai kadi niliinunua, iko mbele yangu hapa, na aibu ndiyo iliyonizuia kuituma ikiwa imechelewa. Huku joto limetuzidi. Mto Tana umepungua, na dereva wetu Wehliye asema hata mamba wanatafuta uhamisho. Mbeti ni mzima. Ameshona gauni, amelifumua, anashona jingine.

Mjomba, barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikafunga mlango nikaisoma nimeketi. Nakuomba usishike picha hiyo.

Sisemi Gachanja ni mtu mbaya. Alinifundisha hesabu. Lakini mimi ni mtumishi wa serikali, tena sijathibitishwa kazini. Barua ya kuthibitishwa inatazamiwa mwezi wa tatu. Wazee wa Kangundo wamemkubali mwana aliye na kazi. Wakisikia nimeachishwa, mbuzi hawatapokelewa, utawafuga hapo Jericho pamoja na vitabu vyako.

Halafu kuna nyumba. Mjomba, wewe unajua, nami najua, jina lililoandikwa kwa kanjo, kwenye vitabu vya baraza la jiji, ni la marehemu Ndindi, si lako. Miaka yote hii hakuna aliyeuliza kwa sababu hukumpa mtu sababu ya kuuliza.

Ulisema gazeti haliandiki kitu. Labda. Lakini mtu anayeandika habari ana mama mkwe mtarajiwa pia. Barua hupita mikono mingi kabla ya kufika. Tuandikiane habari za goti.

Mpwa wako,
Kitonga


Jericho
2 Februari 1988

Mpwa wangu Kitonga,

Goti halijambo.

Mukai amepokea salamu na anataka kadi hiyo hata ikifika Pasaka. Huyo Mbeti mwambie gauni la kwanza ndilo zuri siku zote.

Jana walikuja vijana wawili wa Njogu. Niliwakaribisha, wakaketi kitandani kwa kuwa kiti ni kimoja na kiti ni changu. Mkubwa wao alikuwa na adabu.

"Mzee Mativo, nyumba hii ni ya nani?"

"Ya kanjo."

"Kitabuni kuna jina gani?"

"La marehemu Ndindi. Tulifanya kazi reli pamoja. Aliniachia alipokuwa anakufa."

"Na marehemu ndiye anayelipa kodi?"

"Marehemu hajawahi kuchelewesha hata mwezi mmoja," nikasema. Yule mdogo akacheka, mwenzake akamtazama. Kisha huyo mdogo akajaribu upole. "Sasa buda, hii mambo ni ya nini? Picha ni karatasi tu. Wacha wengine washike."

Mukai alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Kama ni karatasi tu, mbona mmekuja wawili?"

Wakaaga. Mlangoni yule mkubwa akasema, "Tena mzee, una mpwa wako serikalini. Kijana mzuri. Habari zake tunazisikia redioni."

Nakueleza hili kwa sababu ni haki yako kulijua. Sikufichi pia kwamba usiku huo niliwaza kurudisha picha. Asubuhi nilikwenda sokoni. Teresiah akaniita kwa sauti ya soko zima: "Mzee! Ni kweli utasimama mbele? Basi mimi nitakuwa wa pili, na atakayenisukuma nitamvunjia sukuma wiki kichwani!" Watu wakacheka, kisha mmoja akasema atakuwa wa tatu. Irungu akasema wa nne. Watu walikuwa wanagawana nafasi mstarini kama kwenye foleni ya sukari, Kitonga, hadharani, watu ambao tangu mwaka juzi wanaongea kwa kunong'ona. Baada ya hapo nitawaambia nini? Kwamba goti linauma?

Wewe fanya kazi yako vizuri. Mimi sikuombi uandike chochote. Uniachie hili moja.

Mjomba wako,
J. Mativo


Garissa
15 Februari 1988

Mjomba,

Shikamoo. Natumai mko salama.

Ijumaa mkuu wangu aliniita. Aliuliza mama yangu alizaliwa kwa nani. Aliniuliza kwa upole, akaniagizia chai. Nimejibu kama ilivyonipasa. Tafadhali usiniulize zaidi ya hapo.

Usiandike tena kwa anwani ya ofisi. Tumia sanduku la posta la Wehliye, nimeliandika nyuma ya bahasha. Jina langu usiliweke juu.

Kama bado kuna siku za kubadili nia, badili. Nakuomba kama mtoto wa dada yako.

K.


Jericho
25 Februari 1988

Mpwa wangu,

Nimeandika jina la Wehliye juu ya bahasha kama ulivyotaka. Ndani nimeandika lako. Mukai anasalimu, ana mafua ya vumbi, nitakueleza aliyapata wapi.

Mlolongo ulifanyika Jumatatu kwenye uwanja wa shule. Nilivaa koti la reli. Upande wa kushoto alisimama kijana na picha ya Njogu, upande wa kulia mimi na ya Gachanja. Kwa muda, nyuma yangu hapakuwa na mtu. Nilisikia tu miguu ya watu wanaosita. Kisha nikasikia kikapu kikiwekwa chini na Teresiah akisema, "Haya, mimi hapa." Sikugeuka. Mshika picha haruhusiwi kugeuka, ndivyo afisa alivyosema. Lakini niliwasikia wakija. Mlolongo wa Njogu uliishia kwenye goli. Wetu, nimeambiwa, ulipita goli, ukapita vyoo, ukakunja kona ya madarasa.

Jua likapanda. Tukasimamishwa saa nyingi bila kuhesabiwa. Wazee wakaanza kuyumba. Afisa akaja mbele yangu, mtu mpole, ana kitambaa cha jasho mkononi. "Mzee, watu wako wanachoka. Waambie kina mama na wazee wakae chini wapumzike. Nafasi zao zipo."

Kitonga, ni mimi niliyewaambia. Wewe unajua tulivyolelewa: huwezi kumwacha mama wa watu juani na umeshapewa ruhusa ya kumketisha. Nilipaza sauti yangu ya stesheni: "Wazee na kina mama, kaeni chini mpumzike! Nafasi zenu zipo!" Wakashukuru, wakakaa. Mukai akakaa. Vijana nao waliona haya kuwasimamia wazee vichwani, wengi wakachuchumaa. Upande wa Njogu hakuna aliyeketi. Walikuwa wameshaambiwa.

Ndipo hesabu ikaanza. Afisa akapita akigusa mabega. Aliyekaa hakuguswa. Watu walipotaka kuinuka, askari wakasema anayeinuka sasa anaingia mlolongo baada ya kufungwa. Teresiah akapiga kelele: "Nimekaa, sijafa! Nihesabu! Nihesabu mimi!" Afisa akamruka kama mfereji.

Palepale akaja mtu mwingine, mwenye suti, simjui. Akainama sikioni mwangu. "Shusha hiyo picha, mzee, uende nyumbani. Hata mpwa wako wa Garissa ameandika kwamba hakujui." Sikuishusha. Nakuandikia maneno yake ili ujue watu wanatumia jina lako kusema nini.

Jioni redio ikatangaza Bwana Njogu ameshinda kwa kishindo. Baadaye nikasikia habari za Garissa: shughuli iliendelea kwa utulivu na wananchi walijitokeza kwa wingi. Msomaji alikuwa wa Nairobi, ila hilo "kwa wingi" nalijua, ni lako tangu insha za darasa la sita. Nauliza kwa nia njema. Uliwaona?

Irungu hanisalimu. Anasema wazee wenye vitabu ndio waliotuketisha.

Mjomba wako,
J. Mativo


Huruma
30 Machi 1988

Kitonga,

Tu wazima. Barua yangu ya mwezi uliopita sijui kama ilifika, basi naandika tena kwa ufupi.

Nyumba imechukuliwa. Walikuja na karatasi yenye jina la Ndindi, wakauliza kama Ndindi yupo. Nikasema amekufa. Wakasema basi nyumba iko tupu, na mimi na Mukai tumesimama ndani yake. Irungu ndiye aliyeleta mkokoteni kutubebea vitu. Hatukuongea njia nzima, lakini yeye ndiye aliyesukuma.

Tuna chumba ghorofa ya tatu. Maji tunapandisha wenyewe. Vitabu sanduku moja nimeviacha kwa Teresiah chini ya meza yake ya mboga. Atavirudisha, au atafungia nyanya, nimemwambia aanze na vya reli.

Sikuulizi lile nililokuuliza. Nataka kujua jambo moja tu: mbuzi wa ntheo ni lini?

Mjomba wako


Garissa
9 Aprili 1988

Mjomba mpendwa,

Barua zako zote mbili zilifika. Ya kwanza nimekuwa nayo mfukoni tangu siku hiyo. Nimeanza kukujibu mara nyingi, na kila mara nimeishia kwenye salamu.

Yule mwenye suti alisema kweli. Mkuu wangu aliponipa karatasi iliyoandikwa "Johnson Mativo wa Jericho ni nani kwako?" niliandika: Simfahamu. Chai ilikuwa bado ya moto.

Ukauliza kama niliwaona. Habari ile ya Garissa niliiandika jana yake, mchana, kwa maneno tuliyopewa. Siku yenyewe nilikaa ofisini. Wehliye ndiye aliyekwenda, akarudi akasema vumbi lilikuwa jingi kuliko watu. Nikamwambia asirudie kusema hivyo. Akanitazama, akaenda kuosha gari.

Nimethibitishwa kazini. Barua ilikuja wiki ile ile mliyohamishwa.

Mbuzi ni Jumamosi, tarehe 23. Na hapa ndipo nilipokwama. Mkuu wangu amesema atakuja Kangundo. Anapenda sherehe, na ametoa Landrova ya ofisi, Wehliye ataendesha. Nisingeweza kukataa. Wewe ukija mbele kama mjomba, atajua palepale nilidanganya. Usipokuja, hakuna wa kunisimamia. Rafiki mmoja amenitafutia mzee wa Tala ambaye yuko tayari kuja kwa jina la mjomba wangu. Sijamjibu. Niambie nifanye nini.

Kitonga


Huruma
14 Aprili 1988

Mwanangu Kitonga,

Mukai anakusalimu. Nilimsomea barua yako yote, sikuruka neno. Alipanda na kushuka ngazi kuchota maji ambayo hatukuyahitaji, kisha akasema, "Mtoto wa watu aoe." Basi nakuandikia kutoka hapo.

Mzee wa Tala mshukuru, abaki kwake. Mbuzi wakipelekwa na mjomba wa kukodi, Mbeti atakuwa mke wa kukodi, na siku ya ugomvi wa kwanza watu wake watakukumbusha.

Nitakuja. Lakini si lazima nije mbele. Kila msafara wa ntheo una mtu anayeshika kamba za mbuzi, naye huwa hatazamwi. Watu hutazama mbuzi. Nitashika kamba. Sitavaa koti la reli. Nitawafikisha mbuzi uani kwa baba yake Mbeti kwa mikono yangu mwenyewe, na mbele ya dada yangu aliye kaburini hilo latosha: wamepelekwa na anayehusika. Wewe utamtafuta mtu mzima yeyote wa kanisani aseme maneno. Mkuu wako atakula, atacheza, ataondoka.

Sitaki ufukuzwe kazi. Nilipoteza nyumba kwa jambo langu, nililichagua, na kama ni kuchagua tena ningeshika tena, ila nisingemketisha mtu. Wewe hukulichagua. Uliletewa na chai.

Kuna kitu kimoja tu siwezi, na ukijue mapema. Mimi si mwandishi wa habari. Mtu akiniuliza pale, "Mzee, wewe ni nani wa kijana huyu?" nitamwambia. Sitataja siasa, sitataja Jericho, lakini hilo nitasema, kwa kuwa ukinikana wewe peke yako mimi bado ni mjomba wako, bali nikikukana na mimi, huna tena mtu.

Kwa hiyo hakikisha hakuna atakayeniuliza.

Mjomba wako,
Johnson Mativo


Garissa
19 Aprili 1988

Mjomba,

Namtuma Wehliye na barua hii mkononi kwa kuwa posta haitawahi. Ndiye atakayewachukua wewe na Mama Mukai Jumamosi alfajiri, kwa gari la binamu yake. Landrova ya ofisi haiji tena.

Asubuhi niliingia kwa mkuu wangu nikaomba ile karatasi ya Februari. Akasema imeshakwenda Nairobi. Nikaomba nyingine, nikaandika wewe ni nani, nikatia sahihi. Hakuniagizia chai. Alisema nisubiri, na bado nasubiri. Huenda Jumamosi nikawa na kazi, huenda nisiwe nayo. Mbeti nimemweleza. Amesema gauni limeshakwisha na hafumui tena.

Baba yake pia nimemweleza kila kitu, na nimemwomba jambo moja. Mbuzi wakishaingia uani, kabla hajamuuliza mtu mwingine yeyote neno lolote, akuulize wewe, kwa sauti, watu wote wasikie, wewe ni nani wangu.

Njoo umevaa koti.

Mpwa wako,
Kitonga